Baba alipata kiharusi, sasa anabana pumzi kila alfajiri ili ubongo uote mishipa mipya. Kuna ukweli?

Binti wa Mzamiaji (Lamu)

Assalamu alaikum wakubwa kwa wadogo. Naandika nikiwa Langoni, mjini Lamu, ila kwetu hasa ni Kizingitini, kisiwa cha Pate. Naomba mwenye elimu ya ubongo anisaidie, maana nyumbani tumeshavutana vya kutosha.

Baba ana miaka 62. Tangu hajabaleghe amekuwa mpiga mbizi wa kamba mawe. Hatumii mtungi wa hewa. Vifaa vyake ni miwani, pumzi ya kifuani, na fimbo yenye pweza aliyefungwa nchani. Anashuka mwambani, anamwingiza pweza pangoni, na kamba wakimwona adui yao wanatoka mbio, naye anawadaka kwa mkono. Nilipokuwa mdogo, msimu wa kaskazi maji yakiwa maangavu, alinichukua mashuani. Akizama nilihesabu kwa sauti. Nikifika tisini naanza kulia. Ami yangu aliyeshika usukani alikuwa akinambia, "Hesabu tena mwanangu, babako hajamaliza shughuli yake."

Miezi minne iliyopita, baada ya swala ya alfajiri, kikombe cha kahawa kilimponyoka mkono wa kulia. Akainama kukiokota, mkono ukakataa. Mdomo ukaenda upande. Mpaka tupate boti na tufike hospitali, adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Baadaye picha ya kichwa tuliyopigiwa Mombasa ilionyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo. Alhamdulillahi yu hai, anazungumza, anatembea na bakora, ila vidole vya mkono wa kulia havifungi.

Sasa jamaa yetu mmoja kamwonyesha video kwenye simu. Inasema ubongo ukikosa oksijeni huota mishipa mipya ya damu, basi mwenye kiharusi abane pumzi kila siku ili afungue njia nyingine. Baba ameipokea kama wahyi. Kila alfajiri anakaa barazani, anaziba pua, mara tano, mara saba, uso unapiga weusi. Jumatatu alianguka juu ya mkeka, akasema ameona nyota. Nikimkataza ananijibu, "Mimi pumzi ndiyo iliyonilisha miaka hamsini, leo itaniua?"

Maswali yangu ni haya. Ni kweli ubongo huota mishipa ukikosa oksijeni? Kubana pumzi kunatosha? Na miaka yote ile aliyozama, haikumwachia akiba yoyote kichwani?

Mkimbiaji wa Watamu

Pole dada kwa mzee. Mimi najua kidogo tu: binamu yangu alikwenda Iten kufanya mazoezi ya mbio, kule ni mita 2,400 hivi, hewa ni nyepesi. Mwezi wa kwanza alikuwa anahema akipanda ngazi. Aliporudi huku pwani alikuwa mtu mwingine, anakimbia kama hana mapafu ya binadamu. Kwa hiyo hewa kidogo inajenga mwili, hilo nimelishuhudia. Labda mzee apunguze tu, mara mbili au tatu badala ya saba.

Mama Hadubini (Malindi)

Waalaikum salaam, mwanangu. Kwanza mzuie leo hii, hata hizo mara mbili asifanye. Ukishamzuia, kaa tuzungumze, maana maswali yako yanastahili majibu kamili na mimi nayajua kwa mikono yangu.

Sasa nafundisha fiziolojia vijana wa uuguzi hapa Malindi. Lakini zamani nilisoma shahada ya pili ng'ambo, na kazi yangu ya miaka miwili ilikuwa hii hii: kuhesabu vishipa vya damu katika ubongo wa panya waliopunguziwa oksijeni. Nimelisoma swali lako usiku, nikashindwa kulala kabla sijalijibu.

Swali la kwanza: ndiyo, ni kweli. Jamaa yenu hakuokota uongo. Ameokota kipande cha ukweli akaacha kipande kikubwa zaidi, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Tuliwaweka panya weupe katika chumba cha chuma chenye dirisha la kioo. Pampu inavuta hewa mpaka msukumo unabaki nusu ya ule tulio nao hapa ufukweni. Ni kama kuishi kwenye kimo cha mita 5,500. Kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, kiko chini ya hapo. Walikaa humo wiki tatu, usiku na mchana. Mara moja kwa siku tulifungua, tukabadilisha maranda, tukaweka maji na chakula, upesi upesi, tukafunga tena. Siku za mwanzo hawali, wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama. Wiki ya pili wanakula na kuparamia waya kama kawaida, ila masikio na nyayo zao, ambazo kwa panya mweupe huwa na rangi ya waridi, zimekolea wekundu hadi zinakaribia zambarau. Damu imejaa chembe nyekundu, imekuwa nzito. Ukichota tone ukaliweka kwenye kioo, halitambai upesi.

Baada ya hapo ubongo unakatwa vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Tulikuwa tukitia rangi inayoshika protini ya GLUT-1, ile inayovusha sukari kutoka kwenye damu, kwa sababu katika ubongo imejaa kwenye kuta za vishipa vyembamba. Chini ya hadubini vishipa vinatokea kahawia. Kilichokatwa kwa upana ni kitone, kilichokatwa kwa urefu ni kistari. Nilihesabu mraba kwa mraba, na namba za panya zilifichwa ili nisijue nahesabu wa kundi lipi. Lakini vipande vya wiki tatu havikufichika. Vilikuwa kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Niliinua kichwa kutoka kwenye lenzi nikatazama ukuta kidogo, kisha nikarudia kuhesabu nikidhani nimekosea.

Kundi la Joseph LaManna, la mji wa Cleveland kule Marekani, limeifanya kazi hii miaka mingi, na jibu lao ni hilo: wiki tatu za nusu ya hewa, vishipa vyembamba vya gamba la ubongo huongezeka kwa kiasi cha nusu au hata zaidi. Sasa nisikilize hapa. Panya wakirudishwa kwenye hewa ya kawaida, baada ya wiki tatu nyingine vile vya ziada vimekwisha. Ubongo unavivunja. Hauweki akiba.

Kwa nini unajisumbua kujenga? Kwa sababu una njaa kuliko viungo vingi. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mtu, lakini unatumia asilimia 20 ya oksijeni yote mwili ukipumzika, na hauna ghala. Vishipa vyake vyembamba vikiunganishwa kimoja baada ya kingine vinakadiriwa kufika kilomita 600, zaidi ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Na ni vyembamba kweli. Wewe wa Lamu nitakueleza vizuri: kumbuka vichochoro vya Mkomani, punda aliyebeba mawe akipita, wewe unajibana ukutani. Chembe nyekundu ya damu ni pana kuliko baadhi ya vishipa hivyo, inabidi ijikunje ndipo ipenye, moja nyuma ya nyingine. Seli ya ubongo haikai mbali na kichochoro. Umbali wenyewe ni sehemu ndogo tu ya unene wa unywele. Oksijeni haina miguu, inasambaa yenyewe, na inafika hapo karibu tu. Damu ikija na oksijeni kidogo, dawa ni kusogeza vichochoro viwe karibu zaidi na kila nyumba.

Seli inajuaje kwamba oksijeni imepungua? Hapa ndipo nilipoipenda sayansi. Kila seli yako, hata sasa ukisoma, inatengeneza protini iitwayo HIF-1 alfa na kuiharibu papo hapo. Haipumziki kuitengeneza, haipumziki kuiharibu. Oksijeni ikiwepo, kuna enzimu zinazoitumia kuitia HIF alama. Alama hiyo inashikwa na protini nyingine, VHL, na HIF inapelekwa kusagwa. Umri wake ni dakika chache tu, hata tano hazifiki. Oksijeni ikipungua, zile enzimu hazina cha kutilia alama. HIF inabaki, inajikusanya, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja: ya kuamrisha mwili uongeze chembe nyekundu, ya kuvusha sukari, na ile inayoita mishipa, VEGF. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin walipata Nobeli mwaka 2019 kwa kuufumbua utaratibu huu. Kuna familia zenye hitilafu kwenye jeni ya VHL. Kwao zipo seli ambamo HIF haisagwi hata hewa ikiwa tele, nao huota vivimbe vya mishipa ya damu ubongoni na machoni. Hapo ndipo unapoona thamani ya kuharibu kitu kila dakika.

VEGF ikimwagika, seli moja ya ukuta wa kishipa cha karibu inatangulia. Inatoa vidole vyembamba, inapapasa kuelekea kunakotoka VEGF, na inawazuia jirani zake wasitangulie nao. Wao wanafuata nyuma wakijenga bomba. Lakini kwanza ukuta wa zamani lazima ulegezwe, na kazi hiyo inafanywa na protini nyingine, anjiopoietini-2. Waulize mafundi wa mashua wa Matondoni: huwezi kupachika ubao mpya bila kulegeza misumari ya jirani na kutoa kalfati, na muda huo chombo kinavuja. Ubongo nao ni hivyo. VEGF yenyewe, kabla haijapewa jina hili, ilijulikana tangu 1983 katika maabara ya Harold Dvorak kwa sababu inafanya mishipa ivuje. Na anjiopoietini-2 ikiwa nyingi huku VEGF imekwisha, kishipa kilicholegezwa hakijengwi tena, kinakufa. Ndivyo vile vya ziada vya panya wetu vilivyoondoka.

Sasa tupige hesabu ya baba. Anabana pumzi dakika moja, tuseme mbili. Anavuta hewa. Hata kama HIF kidogo ilianza kujikusanya, oksijeni imerudi na HIF inasagwa. Panya wangu walihitaji siku nyingi mfululizo. Wiki ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo, ilibidi nihesabu sana ili niione. Na kuna jambo jingine: mtu akibana pumzi, ubongo ndio wa mwisho kukosa. Hewa chafu inapanda kwenye damu, mishipa ya kichwa inatanuka, damu inaelekezwa kichwani, ile ya mikono na miguu inabanwa, moyo unapunguza mapigo. Mwili wa mzamiaji unajua kuulinda ubongo, na kwa kuulinda unaunyima sababu ya kuota mishipa. Kinachopanda hapo ni presha. Kwa mtu aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita, presha ya kupanda ghafla mara saba kila alfajiri ni jambo la kumlilia mtu asilifanye.

Kuhusu miaka yake ya mwambani, kuna kitu kwa wazamiaji, ila kiko kwenye wengu. Wabajau wa Indonesia, watu wa bahari kama nyinyi, walipimwa na matokeo yakatoka 2018: wengu zao ni kubwa kuliko za majirani zao wa nchi kavu kwa kiasi cha nusu. Mtu akizama wengu inajikamua na kumwaga chembe nyekundu zaidi kwenye damu. Wao ni urithi wa vizazi vingi. Mwambie baba kwamba kuzama kwake kulikuwa ustadi wa kweli, wa mwili mzima. Sitamdanganya kwamba kulimwekea vishipa kichwani.

Mkimbiaji, binamu yako umemwona sawasawa. Ila Iten msukumo wa hewa ni kama robo tatu ya huu wetu, naye aliishi nao akila, akilala, saa 24 kwa majuma. Tena alikwenda akiwa mzima. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomtenga na mzee huyu.

Binti wa Mzamiaji (Lamu)

Nimelia kidogo, Mungu akulipe. Nimemsomea yote, polepole, na pale pa Matondoni alitikisa kichwa kwa sababu babu yake alikuwa fundi huko. Leo hakubana pumzi. Lakini ameniuliza swali nimeshindwa kulijibu: "Kama mshipa ulioziba ulinyima kipande cha ubongo oksijeni, basi kipande hicho kilikosa hewa kuliko panya. Mbona hakikuota vishipa kikapona?"

Mama Hadubini (Malindi)

Swali hilo ni la mtu anayefikiri. Mpe salamu zangu, umwambie ameuliza kile ambacho wanafunzi wangu huchukua muhula mzima kukifikia.

Panya wangu walikosa nusu, kwa utulivu, na seli zao zilibaki hai kuweza kuitikia. Mshipa mkubwa ukiziba, katikati ya eneo lile damu inakatika kabisa. Seli za ubongo zinakufa kwa dakika, na aliyekufa hajengi. Lakini pembezoni mwake kuna ukanda uliobaki na damu kidogo kutoka kwa mishipa jirani, nusu hai, na huko HIF inajikusanya, VEGF inatolewa, vishipa vinaanza kuchipua ndani ya siku chache. Jerzy Krupinski na wenzake walichapisha mwaka 1994 uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki baada ya kiharusi. Upande uliojeruhiwa ulikuwa na vishipa vipya, na waliokuwa navyo kwa wingi ndio waliokuwa wameishi siku nyingi zaidi baada ya kupigwa. Sisemi vishipa ndivyo vilivyowapa siku hizo. Yawezekana aliyeishi zaidi alipata tu muda wa kuviota. Lakini vilikuwepo. Kwa hiyo ubongo wa baba ulijaribu, wenyewe, bila kuambiwa na mtu, katika wiki zile alizokuwa amelala kitandani mnamlisha uji.

Kuna jambo la umri pia, na nalisema kwa heshima. Panya wazee wakipunguziwa oksijeni huchelewa kuota vishipa kuliko vijana. Mitambo ni ile ile, inaitika taratibu.

Kitu ambacho baba anaweza kufanya kwa mkono wake ni kuutumia. Mwaka 1990 kundi la William Greenough, Illinois, lilichapisha kazi moja ninayoipenda sana. Panya waliokimbizwa waliota vishipa zaidi katika sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo. Panya waliofunzwa kupita juu ya kamba, vizuizi na ngazi hawakuongeza vishipa kiasi hicho, lakini waliongeza viungio kati ya seli za neva. Kukimbia kulileta damu, kujifunza kulileta viungio. Mzee wenu anahitaji vyote viwili: atembee kila siku mpaka apate joto, na mkono ule upewe kazi ngumu yenye maana. Nyumbani kwenu hakukosi nyavu zilizochanika. Mpe sindano ya kushonea na uzi mnene kwanza, akae na mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwonyeshe namna ya kuushikilia mkono. Fundo moja alilofunga mwenyewe ni bora kuliko kumi ulizomsaidia.

Tabibu wa Mokowe

Naomba niingie kwa ufupi. Mama hapo juu amefafanua vizuri, mimi nina swali moja tu kwa Binti: baba anameza dawa zake za presha na ile ya kulainisha damu, kila siku?

Binti wa Mzamiaji (Lamu)

Nimekwenda kutazama sasa hivi. Pakiti ya presha ina tarehe ya wiki tano nyuma na vidonge karibu vyote vimo. Anasema tangu aanze pumzi alijiona amepata nguvu, akaona dawa za nini. Sikujua. Wallahi sikujua.

Tabibu wa Mokowe

Usijilaumu. Hili naliona kila juma. Mpeleke kesho asubuhi kituo cha karibu apimwe, wamwambie aanze na dozi gani. Asimeze vidonge vitatu kwa pamoja kufidia. Aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu na cha pili kuliko mtu mwingine, na presha isiyoshikwa ndiyo inayokileta.

Na kwa wote mnaosoma kutoka visiwani: uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, andikeni saa ile ile ilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na lazima picha ya kichwa ipigwe kwanza, kwa sababu kama mshipa umepasuka dawa hiyo inaua. Kwetu muda huo unaliwa na maji. Ndiyo maana nasema msingoje mgonjwa "apumzike kidogo aone". Pigeni simu ya boti kabla hamjamvika kanzu.

Mama Salim

Samahani kuingilia, niko Malindi. Mwanangu wa miaka tisa ana siko seli, alipata kiharusi kidogo mwaka jana. Daktari alisema kichwani ameota vishipa vinavyoonekana kama moshi. Nilifurahi nikadhani ni uponyaji. Nikisoma hapa nimechanganyikiwa.

Mama Hadubini (Malindi)

Dada yangu, si wewe peke yako unayechanganyikiwa hapo. Katika siko seli, mishipa mikubwa chini ya ubongo inaweza kusinyaa polepole, na mwili unafidia kwa vishipa vingi vidogo kuzunguka pale paliposinyaa. Wajapani Suzuki na Takaku walioupa ugonjwa wa aina hiyo jina mwaka 1969 waliuita moyamoya, neno lao la kitu kilichotanda kama moshi. Vishipa hivyo vinasaidia, damu inapita, lakini ni dhaifu na vinaweza kuziba au kupasuka. Ni alama kwamba ubongo umekuwa ukidai oksijeni kwa muda mrefu. Kwa hiyo uangalizi wake usilegee: muulize daktari wake kuhusu dawa iitwayo hidroksiurea, kuhusu kuongezewa damu kwa ratiba, na kuhusu kile kipimo cha mawimbi kinachopima mwendo wa damu kichwani. Hakiumi, mtoto anaweza kulala nacho.

Ndiyo maana nilikuwa mkali kwa mzee wa Kizingitini. Kishipa kipya kikiota, kwanza uliza kimeota kwa sababu gani. Mnakumbuka habari ya watoto njiti miaka ya 1940 na 1950? Walipewa oksijeni nyingi kwa huruma, mishipa ya macho ikaacha kukua kwa sababu hakuna aliyeiita; baadaye jicho likadai, ikaota kwa fujo, na watoto wengi wakapofuka. Jicho na ubongo ni ndugu wa tumbo moja katika jambo hili. Kipimo ndicho kila kitu, na hakuna anayeweza kukipima akiwa barazani ameziba pua.

Binti wa Mzamiaji (Lamu)

Narudi na habari. Tumekwenda kituoni leo saa mbili asubuhi. Presha ilikuwa 178 kwa 104. Wamembadilishia dawa, tunarudi Jumatano. Yule jamaa wa video nimemtumia mjadala huu wote, amekuja mwenyewe jioni, akakaa na baba, akamwomba radhi. Baba akamwambia hana kinyongo, alimtakia heri.

Nyavu ameletewa na ami. Amefunga mafundo mawili kwa muda wa adhana hadi ikama, la tatu likafumuka, akalianza upya bila kunitazama. Sikumsaidia.

Ana swali la mwisho kwa Mama Hadubini. Anauliza wale panya waliorudishiwa hewa, vishipa vikaondoka, je, waliteseka vilipokuwa vikiondoka?

Mama Hadubini (Malindi)

Mwambie hapana. Niliwaangalia kila siku kwa wiki zile tatu. Walikula, wakanenepa, nyayo zikarudi waridi. Oksijeni ilikuwepo, hawakuvihitaji tena.